Mamlaka za maji ziandike ombi la msaada kabla ya maafa

MAAFA yanapotokea, swali la kwanza la wananchi baada ya usalama wao huwa ni maji. Wilaya chache nchini zinalijua hilo kuliko Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hata hivyo, kwa mamlaka nyingi ndogo za maji, kuomba msaada bado ni jambo linaloanza kufikiriwa pale pampu inapokuwa imekwishasimama. Utaratibu huo ni wa gharama kubwa, na unafaa kubadilishwa.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 1994. Aprili 28 na 29, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takriban saa 24. Eneo la Benaco likageuka mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania wakati huo, bila bomba wala choo. Miezi mitatu baadaye, Goma nchini Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ilipokea wimbi kubwa zaidi, na watu wapatao 50,000 wakafa kwa kipindupindu, kuhara damu na magonjwa mengine.

Ngara haikupata vifo vya kiwango hicho. Sababu ni zaidi ya moja: idadi ya watu ilikuwa ndogo kuliko ya Goma, na karibu na Benaco kulikuwa na bwawa. Lakini ipo sababu nyingine ambayo watu wa maji wanapaswa kuikumbuka. Mashirika ya misaada yalikuwa tayari eneo hilo, yakiwahudumia wakimbizi wa Burundi waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Watu wake walikuwepo, njia walizijua, na vifaa havikuanza kutafutwa siku ile. Oxfam ikasukuma maji na kuyahifadhi katika matangi ya muda. Kwa maneno mengine, msaada uliowahi ni ule ambao maandalizi yake yalikuwa yamefanyika.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani na wakimbizi wale walirudi kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Ni kweli, lakini dharura hazikuondoka nao. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa wilayani Biharamulo. Hadi Serikali ilipotangaza Machi 13 mwaka huo kwamba mlipuko umekwisha, wagonjwa wawili waliothibitishwa na wengine wanane waliodhaniwa kuugua, wote walikuwa wamefariki. Ugonjwa wa namna hiyo haudhibitiwi na zahanati isiyo na maji ya kunawa mikono na kusafishia vifaa. Na mbali ya magonjwa, zipo dharura zisizoandikwa magazetini: mota kuungua, mafuriko kuzoa bomba kuu, umeme kukatika siku kadhaa huku mashine ikihitaji jenereta.

Tatizo la kwanza liko kwenye barua yenyewe. Barua inayosema "tunaomba msaada wa haraka wa vifaa vya maji" haimsaidii anayeipokea. Anayetaka kusaidia anahitaji kujua ni watu wangapi wamekosa huduma, akiba kwenye tangi itatosha saa ngapi, na ni kifaa gani kimekufa. Kama ni pampu, inatoa mita za ujazo ngapi kwa saa, inapandisha maji mita ngapi, na inatumia umeme wa aina gani. Kama ni bomba, kipenyo chake ni kipi, na ni la plastiki au la chuma. Pampu isiyolingana na kisima, hata ikitolewa bure, itaishia stoo.

Hesabu rahisi inaonyesha faida ya kuomba kwa takwimu. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Mji wenye watu 10,000 waliokatikiwa maji utahitaji lita 150,000 kwa siku na mabomba 40 ya kuchotea. Kwa boza la lita 10,000, hizo ni safari 15 kila siku. Lakini klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, ikiwekwa kwa kipimo cha miligramu mbili kwa lita, haitazidi nusu kilo. Meneja aliyepiga hesabu hiyo ataona kwamba pengo lake kubwa ni magari na dizeli, wala si dawa, na ataomba hivyo.

Tatizo la pili ni anakopelekewa ombi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na ya wilaya iko chini ya Mkuu wa Wilaya. Njia hiyo ifuatwe. Lakini jirani wa karibu si lazima awe wa mkoa mmoja. Biharamulo inapakana na Chato na Bukombe mkoani Geita, na Kakonko mkoani Kigoma. Barabara ya lami inayokwenda Rusumo inapita Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, haipiti Bukoba. Fundi na boza wanaweza kufika mapema kutoka huko, kama wakubwa wao walikubaliana tangu zamani.

Tatizo la tatu ni fedha, na hapa ndipo wengi hukwama. Nani analipa mafuta, posho za mafundi na pampu ikiharibika? Nchini Marekani, mamlaka za maji za California zilijifunza baada ya tetemeko la mwaka 1989 na moto mkubwa wa Oakland wa mwaka 1991, zikaanzisha mkataba wa kusaidiana ambao majimbo mengine yaliuiga. Masharti ya malipo na bima husainiwa wakati wa amani. Mwombaji hutaja anachohitaji, na jirani ana hiari ya kukubali au kukataa.

Mamlaka za Ngara na Biharamulo, pamoja na RUWASA inayosimamia maji vijijini, hazihitaji mradi wa mabilioni kufanya hivyo. Zinahitaji karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya mitambo, vipimo vyake, vipuri vilivyopo na namba za simu za wahusika, ikihakikiwa kila baada ya miezi sita. Ya pili ni mkataba na majirani wa mikoa yote inayopakana nao.

Baadhi ya mameneja huona kuomba ni kukiri kushindwa kazi. Kinachomwaibisha meneja ni mama kuchota maji ya bondeni kwa wiki nzima wakati pampu ya akiba iko stoo wilaya ya pili, na hakuna aliyejua kwamba ipo.