Skrini kubwa uwanjani ni ya shabiki, iwashwe hata siku za ligi

Kama ulikuwa Kasarani Agosti 10, 2025, Harambee Stars wakicheza na Morocco kwenye CHAN, hiyo siku hujaisahau. Ryan Ogam anafunga dakika ya 42, uwanja unawaka. Kabla hata hatujamaliza kukumbatiana na watu tusiowajua, refa anaenda kuangalia VAR kwenye kale kaskrini ka kando ya uwanja. Anarudi na kadi nyekundu, Chrispine Erambo anatoka. Kipindi cha pili chote tukacheza tukiwa watu kumi dhidi ya timu iliyokuwa imebeba kombe hilo mara mbili.

Unakumbuka swali lililotembea jukwaani dakika za mwisho? "Imebaki ngapi?" Ukiwa unalinda goli moja namna hiyo, unatazama mpira, unatazama saa, unarudi kwa mpira, halafu unaapa saa imesimama. Tulishinda 1-0, na ndiyo siku niliyoelewa kwamba ubao wa matokeo si pambo la uwanja. Ni sehemu ya mechi.

Nayasema haya kwa sababu huu ndio msimu wa viwanja vipya. Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ulifanyiwa ukarabati kabla ya CHAN na ukapata skrini kubwa mpya. Kule Ngong Road kuna Talanta, uwanja wa watu 60,000, tukijiandaa kwa AFCON 2027 ambayo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Picha za skrini zinazong'aa tutaziona sana. Swali langu ni moja tu: wageni wakienda, itakuwa inamwashia nani?

Acha nikupe kisa. Kuna mechi ya ligi niliyoenda kwenye uwanja mmoja wenye skrini fiti kabisa. Jina la uwanja naliweka kapuni. Kipindi cha kwanza skrini ilikuwa nyeusi tii. Kipindi cha pili ikawashwa, tukaona tangazo, halafu tangazo, halafu lile la kwanza tena. Matokeo yalipotokea hatimaye, yalisoma 0-0 wakati tayari ilikuwa 1-1. Watu walicheka, lakini ni kicheko cha uchungu.

Nilikuwa na rafiki yangu ambaye ni kiziwi. Yeye hakosi mechi za nyumbani, na anaujua mpira kuliko wengi wanaopiga kelele. Goli la ushindi likaingia kwenye lango la mbali, katika msongamano wa miguu. Spika zikakoroma jina fulani, hata mimi mwenye masikio sikulishika. Nyuma yetu jamaa watatu wakataja wafungaji watatu tofauti. Rafiki yangu akaandika kwenye simu yake, akanionyesha: "Nani amefunga?"

Nikainua mabega. Tuko hatua chache tu kutoka uwanjani, tumelipa tiketi, tumelipa nauli, tumenyeshewa, na hatujui nani amefunga. Mtu aliyelala kwa kochi Umoja akifuatilia kwa simu anajua kutuliko.

Hapo ndipo penye ngori. Mpira wetu unashindana na Ligi ya Uingereza inayoonyeshwa kwa kila kibanda mtaani. Ukiwa kwa kibanda, unapata muda, jina la mfungaji, marudio ya goli kutoka pembe nne, na chai ya tangawizi. Ukija uwanjani unapata shangwe ambayo hakuna televisheni inayoweza kukupa, lakini habari za mechi uombe kwa jirani. Wazee wetu walikuwa wakienda mechi na redio ndogo sikioni ili wajue kinachotokea mbele ya macho yao. Walikuwa na sababu. Sisi tuna skrini yenye ukubwa wa nyumba na bado tunaulizana.

Najua utakachoniambia. Kwanza, stima ni ghali na matangazo ndiyo yanalipa bili. Sawa, sina ugomvi na matangazo. Yaweke kabla ya mechi, yaweke mapumziko, hata yapange chini ya matokeo. Lakini mpira ukiwa unachezwa, alama na dakika zisitoke pale juu hata sekunde moja.

Pili, utasema marudio ya tukio lenye utata yanaweza kuwasha moto jukwaani, refa akawa mashakani. Hilo ni kweli, na sisi mashabiki tuna la kujibu hapo. Tumewahi kung'oa viti kwa mambo madogo kuliko hayo. Ndiyo maana waandaaji wengi huwa makini na kinachorudiwa uwanjani. Lakini dunia imeanza kusonga. Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, marefa walitangaza uamuzi wao kwa kipaza sauti baada ya kuangalia VAR, ili waliolipa tiketi wasiachwe gizani. Kwetu tunaweza kuanza na hatua ndogo: maneno tu. "VAR inaangalia: huenda ni penalti." Basi. Mtu anayejua kinachosubiriwa hutulia kuliko anayebahatisha. Uvumi ndio unaorusha chupa.

Tatu, utasema hii ni anasa kwa ligi ambayo klabu zake zinahangaika kulipa mishahara. Mimi siombi fataki. Naomba alama sahihi, dakika, jina la mfungaji, kadi, anayeingia na anayetoka, na dakika za nyongeza. Kwa uwanja ambao tayari una skrini, hiyo ni kazi ya kijana mmoja mwenye kompyuta na orodha ya vikosi. Vijana wa kazi hiyo wamejaa mtaani, wengine wanasoma makala hii sasa hivi. Wape posho na chakula cha mchana, uone.

Na tafadhali, yaandikwe kwa Kiswahili pia. "Goli." "Mabadiliko." "Dakika za nyongeza." Mama aliyemleta mwanawe kwa mara ya kwanza anastahili kuelewa bila mkalimani.

Tukishapata hayo, ndipo tuongeze raha. Rudia goli safi. Tuonyeshe yule mtoto aliyejipaka rangi za timu usoni, akijiona juu pale na kupagawa. Huyo mtoto atakuwa ameongea mwezi mzima shuleni, na wiki ijayo atamvuta babake kwa mkono. Hivyo ndivyo viwanja hujaa.

Sasa, wewe msomaji, usiishie kutikisa kichwa. Klabu yako ina kurasa mtandaoni na ina viongozi wa matawi wanaokaa nasi jukwaani. Mechi ijayo ukikuta skrini imezimwa, uliza kwa heshima kwa nini. Uliza tena wiki inayofuata. Tumezoea kulalamikia kocha na refa, lakini hatujawahi kulalamikia jambo hili dogo ambalo linaweza kurekebishwa ndani ya siku moja.

Yule rafiki yangu tulipata jibu lake usiku, tukiwa kwa matatu tukirudi nyumbani, kwenye ukurasa wa shabiki mmoja mtandaoni. Alilisoma, akaitikia kwa kichwa, akarudisha simu mfukoni. Shangwe ilikuwa imeshapoa.