Mfunze mbwa wako choo kwa ajili ya mwanao

Majuzi mama mmoja wa Section 58 alimleta kwangu mwanawe wa miaka mitano akiwa na mstari mwekundu uliopindapinda kwenye wayo. Mtoto alikuwa akijikuna usiku kucha. Mama alidhani ni choa, na kwa majuma mawili alikuwa akimpaka marhamu aliyouziwa dukani.

"Mama, mna mbwa nyumbani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Tuna kadogo ka miezi miwili, daktari. Ka kutulindia nyumba."

"Kanaenda haja wapi?"

"Popote. Baba yao amekachapa mpaka amechoka."

Ule mstari ulikuwa njia ya kiluwiluwi cha mnyoo wa safura wa mbwa, kinachopenya ngozi ya mguu mtupu na kutambaa humo bila kujua pa kutokea. Dawa ya siku chache ilimtosha mtoto. Waliobaki bila tiba ni mbwa na ua wenyewe.

Wengi hudhani kumfundisha mbwa choo ni mambo ya zulia, tena ya matajiri wa Milimani. Mimi nasema ni afya ya watoto, hasa katika ploti ambamo familia nane zinatumia ua mmoja na mfereji mmoja.

Kuna mnyoo mwingine ninayemwogopa zaidi, ambaye wataalamu humwita toksokara. Aghalabu mtoto wa mbwa huzaliwa naye, maana hupita kutoka kwa mamaye angali tumboni, na baadaye katika maziwa. Usidanganywe na manyoya yanayong'aa. Mayai hutoka kwa maelfu katika kinyesi. Mtoto akiyameza pamoja na udongo wa kucha, au mtu mzima pamoja na sukuma wiki isiyooshwa vizuri, viluwiluwi hutangatanga mwilini: katika ini, mapafu, na mara chache katika jicho. Jicho hilo laweza kupofuka.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mayai ya toksokara yakitoka huwa hayajakomaa. Huhitaji majuma mawili au zaidi udongoni kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Safura huwahi zaidi, siku chache tu. Kwa hiyo anayezoa kinyesi kila siku na kukitupa katika choo cha shimo amewahi kabla ya ubaya kuiva. Anayekiacha nyuma ya tangi la maji huacha mayai yanayoweza kudumu miaka, na sisi tunaishi katika mji ambao jina lake, wengi husema, ni la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Sasa, huwezi kuzoa usichojua kilipo. Chagua pembe moja ya ua, mbali na bustani na watoto wanapochezea. Mpeleke hapo akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili tatu hivi. Akienda haja pale, msifu papo hapo. Ukingoja mrudi ndani, hatajua anasifiwa nini. Akikosea nyumbani, paoshe kwa sabuni, kisha kwa maji na siki, kwa maana hurudi panaponuka mkojo wake.

Kumsugua pua katika uchafu na kumchapa hakumfunzi kwamba sebule si choo. Humfunza kwamba ni hatari kwenda haja ukimwona, basi atajificha nyuma ya kochi. Na mbwa anayeogopa mkono huuma mkono, mara nyingi wa mtoto. Achanjwe kichaa cha mbwa afikishapo miezi mitatu. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Dawa ya minyoo huanza mbwa akiwa na majuma mawili, hurudiwa kila majuma mawili mpaka miezi miwili, kisha kila mwezi mpaka nusu mwaka. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo. Usimgawie vidonge vya watoto.

Yule mama alirudi juma lililopita kunionyesha mguu. Umepona. Nikamuuliza habari za kale kajibwa.

"Sasa kanaenda kwenye kona yake, daktari. Taabu ni mbwa wa jirani."

Nimemwambia safari nyingine aje na jirani.