Ubeberu hauna rangi



Naomba nitoe maoni yangu juu ya namna tunavyowaeleza watoto wetu habari za ubeberu. Wengi wetu tukilitaja neno hilo huanza na mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, kisha tunausimulia kama ugomvi wa Mzungu na Mwafrika tu. Mtoto anayefundishwa hivyo hutoka darasani akiamini kuwa tulitawaliwa kwa sababu ya rangi yetu. Imani hiyo si sahihi, tena ni ya hatari. Rangi ilikuwa kisingizio. Kilichotafutwa ni ardhi, jasho la watu na faida.

Ushahidi ni Ayalandi. Kisiwa hicho ni jirani wa Uingereza, watu wake ni weupe, na walikuwa Wakristo kabla ya Waingereza wenyewe. Hayo yote hayakuwaokoa. Mwaka 1541 Henry wa Nane wa Uingereza alitangazwa kuwa Mfalme wa Ayalandi. Wakati wa binti yake, Malkia Elizabeth wa Kwanza, watu wa Munster waliasi wakashindwa mwaka 1583. Mazao yao yalichomwa, mifugo ikachukuliwa, na njaa ikaua watu wengi sana. Kisha ardhi ikagawiwa Waingereza. Walter Raleigh peke yake alipata zaidi ya ekari 40,000. Bwana huyo ndiye aliyegharimia walowezi waliopelekwa Roanoke, Amerika, mwaka 1585. Mshairi Edmund Spenser naye alipewa shamba huko Munster, na kwenye mwaka 1596 akaandika kitabu cha kuwaita Waayalandi washenzi na kushauri wavunjwe kwa jeshi na njaa. Kumbe mtu mweupe naye aliweza kuitwa mshenzi pale ardhi yake ilipotamaniwa.

Huko Ulster, Hugh O'Neill alipigana na Waingereza tangu 1594 hadi 1603. Mwaka 1607 yeye na wakuu wenzake walikimbilia bara la Ulaya. Kuanzia 1609 serikali ya Mfalme James iliigawa ardhi ya majimbo sita kwa mafungu ya ekari 1,000, 1,500 na 2,000, na mengi yakaenda kwa walowezi wa Uingereza na Uskoti, kwa masharti ya kujenga ngome na kuleta wapangaji wao kutoka kwao. Wafanyabiashara wa London nao walipewa sehemu yao, na mji wa Derry ukabandikwa jina la Londonderry.

Halafu akaja Cromwell. Mwaka 1649 majeshi yake yaliua watu ovyo katika miji ya Drogheda na Wexford. Sheria ya mwaka 1652 ilifungua njia ya kuwanyang'anya ardhi Wakatoliki na kuwahamishia wenye mashamba upande wa Connacht, ng'ambo ya mto Shannon. Ardhi yao ikawa malipo ya askari na ya matajiri walioikopesha serikali fedha za vita. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki karibu asilimia 59 ya ardhi ya Ayalandi. Ilipofika 1703 walibakiwa na asilimia 14, ingawa wao ndio waliokuwa wengi nchini.

Mwaka 1695 ikatungwa sheria ya kumkataza Mkatoliki kufundisha shule au kupeleka mtoto wake kusoma ng'ambo. Walimu hawakukubali. Walifundisha kwa siri, mabandani na kando ya nyua za michongoma, huku wakijua kuwa wakikamatwa wataadhibiwa. Mabeberu walijua kuwa mtu aliyenyang'anywa shamba atalidai, lakini aliyenyang'anywa elimu pia atachelewa hata kujua la kudai.

Wapo watakaosema kuwa Waayalandi nao baadaye walitumika katika majeshi ya dola la Kiingereza, na kwamba wengine walimiliki watumwa katika kisiwa cha Montserrat. Ni kweli. Lakini jambo hilo haliondoi dhuluma waliyotendewa. Linaonyesha tu kuwa ubeberu ni mfumo, na mfumo huo humtumia yeyote aliye tayari kutumika, hata aliyekandamizwa jana.

Nasi tunaujua mfumo huo. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ili wapewe walowezi, hata mwaka uliofuata wakapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Aliyesoma habari za Ulster haoni jambo jipya hapo: amri inaandikwa, mwenyeji anahamishwa, mgeni anapewa hati.

Kwa hiyo nashauri walimu wa historia, pamoja na waandishi wa vitabu vya shule, waiweke Ayalandi katika somo la ukoloni. Vipindi viwili vinatosha. Faida yake si kuwahurumia watu wa mbali. Mtoto akielewa kuwa ubeberu hauna rangi hatajiona duni kwa ngozi yake, wala hatamchukia mtu kwa ngozi yake. Tena ataweza kumtambua mnyonyaji hata akiwa jirani yake. Maana anayemdhulumu mjane shamba kijijini kwa hila za makaratasi hawi mtu mwema kwa kuwa ni mweusi mwenzetu. Anafanya kazi ile ile iliyofanywa Munster na Ulster, na anastahili kupingwa vile vile.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rungwe.