Mvua ni Rehema, Tuweke na Chombo cha Kuipokea



Kila masika yakikaribia, mitaani husikika kauli mbili. Wapo wanaosema, "Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, utabiri wa nini?" Na wapo wanaosoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mvua isiponyesha siku ile ile wanasema wametudanganya. Sisi tunaona kauli zote mbili zinatupotezea kitu, na anayelipa zaidi ni mwanamke.

Tuanze na safari ya maji yenyewe. Jua hupiga bahari, maji yakageuka mvuke na kupanda juu. Chumvi hubaki chini. Ndiyo maana mvua iliyotoka baharini haina chumvi. Juu huko kuna baridi, basi mvuke hupoa na kushika kwenye vichembe vya vumbi na vya chumvi ya bahari, ukawa vitone. Vitone vikikusanyika ni wingu. Vikiungana vikawa vizito, hushuka. Kwa wastani maji hukaa hewani kama siku tisa tu. Mvua inayonyesha Pemba leo, wiki iliyopita huenda ilikuwa bahari ya mbali.

Anayeyabeba maji hayo ni upepo. Wazee wetu waliujua bila ya mitambo: kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni, kusi huyarudisha. Baina ya pepo hizo mbili, mkanda wa mvua unaolifuata jua hupita juu yetu kuelekea kaskazini, Machi hadi Mei, tukapata masika. Ukirudi kusini, Oktoba hadi Disemba, tunapata vuli. Na bahari nayo ina mambo yake. Mwaka 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ukapoa. Vuli ikafurika Afrika Mashariki, na Australia wakakumbwa na ukame na moto wa misitu.

Kuyajua haya si kudai kujua ghaibu. Surat Ar-Rum, aya ya 48, inazungumzia pepo, mawingu na mvua kama ishara za kutazamwa. Mtabiri anasoma ishara, kama nahodha anavyousoma upepo kabla ya kutweka tanga. Hasemi ana hakika. Anasema uwezekano ni mkubwa au mdogo. Sisi tunamalizia kwa inshaAllah. Na yule ngamia tuliyefundishwa chuoni kwamba hufungwa kwanza ndipo mtu akatawakali, ndiye huyu huyu. Hakuna imani inayomzuia mtu kuanua nguo zake wingu likitanda.

Tazameni nani anaumia tusipojiandaa. Wakulima wa mwani visiwani, wengi ni wanawake. Mwani ukirowa ukiwa juani, bei inashuka. Karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi zikipigwa na mvua, jasho la siku nyingi linaharibika. Na maji ya mfereji yakikatika, anayeamka alfajiri na dumu ni mama, au binti aliyetakiwa kuwa skuli.

Visiwa vyetu havina maziwa makubwa wala mito ya kutegemea. Maji ya visima ni mvua iliyozama ardhini. Tukiyavuta kupita kiasi karibu na pwani, chumvi ya bahari huingia. Halafu masika yanakuja, maji yanamwagika kutoka kwenye bati zetu, yanachimba uwanja na kukimbilia baharini, nasi tunatazama.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 50 za mraba, ikipata mvua ya milimita 20, hupokea lita 1,000. Hayo ni madumu 50 ya lita 20, kwa mvua moja. Hata tukitoa yatakayopotea, yaliyobaki yanatosha kufua, kuosha vyombo na kumwagilia mchicha. Mvua ya kwanza iachwe isafishe paa, tangi lifunikwe vizuri mbu wasizaliane, na ya kunywa yachemshwe.

Mtatuambia tangi ni ghali. Ni kweli. Lakini sisi ndio tunaocheza upatu mwaka mzima, tukapokezana fedha za sare za harusi. Upatu mmoja wa wanawake kumi, kila zamu ikanunua gata na tangi kwa nyumba moja, mwisho wake nyumba kumi zina maji. Na kaka zetu wanaojenga, kabla ya vigae vya sebuleni, waulizeni maji ya paani yatakwenda wapi. Kamati za misikiti nazo zina mapaa makubwa kuliko yetu sote, na maji ya udhu yanahitajika mara tano kwa siku.

Tunaomba mvua yenye manufaa, na tutaendelea kuomba. Lakini manufaa hayo mengine yameachwa mikononi mwetu. Masika yajayo, inshaAllah, dua yetu ipande na tangi letu liwe chini ya paa.