Bukavu: Nani anachora mji wetu leo?

Ukitoka Bukavu kwa njia ya Kavumu, utapanda mpaka Lwiro, katika teritware ya Kabare. Majengo ambayo Charles Van Nueten, msanifu majengo wa Ubeleji, aliyachorea IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, yangali yanasimama. Leo ndiyo CRSN. Kwetu mjini, nyumba ya mwaka jana inaweza kubomoka kwa mvua ya usiku mmoja.

Tusiwasifu Wabeleji kupita kiasi. Walipopanga Costermansville, jina la Bukavu la wakati ule, waligawa mji kwa rangi ya ngozi. Muhumba na Nguba, kwenye rasi zinazotazama Ziwa Kivu, zilikuwa za wazungu. Mweusi aliyebeba mizigo bandarini alirudi kulala Kadutu, mlimani. Bagira ilikuja nyuma, na nyumba za OCA, ofisi iliyoundwa mwaka 1952 kwa kujenga mitaa ya Waafrika. Nyumba ndogo, ndiyo, lakini zimepangwa kwa mistari, na njia ya kupita kati yake.

Kwa hiyo shida ya Kadutu haikuanza na wakimbizi wa vita. Ilianza kwenye karatasi. Vita vimeongeza watu tu juu ya mlima uliokuwa umechaguliwa vibaya.

Lakini cha leo hatuwezi kumwekea mkoloni. Mtu ananunua kiwanja kwenye mteremko, ama ndani kabisa ya ukingo wa ziwa, na anapata makaratasi yenye muhuri. Msanifu wa mji anaitwa wakati ukuta umekwisha kupanda.

Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi liliua watu huku kwetu na ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda. Wataalamu wa Lwiro wanapima matetemeko tangu enzi ya ukoloni. Ni kiwanja gani kinachouzwa Kadutu ama Panzi baada ya kuwauliza wao?

Tunaomba meya abandike ramani ya mji kwenye ukuta wa meri, ionyeshe mahali pasipojengwa. Na kila ruhusa ya kujenga ibebe jina la msanifu aliyeenda kuona kiwanja kwa macho yake. Jina, si muhuri tu: siku nyumba inaanguka, tujue wa kumuuliza. Na waanzie Ibanda, kwenye majumba ya wakubwa kando ya ziwa, mbele ya kupanda Kadutu kuvunja nyumba za maskini.