Wati za Sigara ya Umeme: Askari Ajue Anachokiwasha

Askari aliyefunzwa vema hakabidhiwi bunduki leo akaingia nayo doria kesho bila kuipima. Hupiga risasi chache uwanjani, hutazama zimeangukia wapi, hurekebisha shabaha kidogo, kisha hupiga tena, mpaka aijue silaha yake kwa hakika. Vivyo hivyo redio ya mawasiliano: hakuna mpiga simu wa jeshi anayeiunga na betri asiyoijua volti zake. Walakini kipo chombo kimoja cha umeme ambacho kijana wetu hukinunua, hukitia mfukoni mwa sare, na kukiwasha mbele ya uso wake mwenyewe bila kuuliza swali hata moja. Chombo hicho ni sigara ya umeme, ambayo vijana wenyewe huiita vepu.

Hapa Nyakarenzo, katika Wilaya ya Rusizi ambayo wazee wangali wakiiita Cyangugu, tunaishi katika pembe ya nchi inayopakana na Kongo na Burundi. Mahali pa mpakani bidhaa ndogo hutembea upesi kuliko habari zake. Chombo humfikia mtu kikiwa hakina karatasi ya maelezo, au karatasi ipo lakini imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Basi hujifunza kwa mwenzake, na mwenzake naye alijifunza kwa mwingine, na wote hawajui. Ndiyo maana swali ambalo askari vijana huniuliza ni lile lile: “Afande, niweke wati ngapi?”

Swali hilo ni jema, wala halistahili kujibiwa kwa kemeo. Jibu langu ni kwamba namba ile inayoonekana katika kioo kidogo cha chombo si namba ya utamu wala ya ukubwa wa wingu. Ni namba ya dozi. Anayepandisha wati hujiandikia dozi bila daktari. Nitaeleza kwa nini.

Sigara ya umeme ilivyo leo ilitokana na kazi ya Hon Lik, mfamasia wa Kichina, mwaka 2003. Haina moto wala majivu. Ndani yake mna betri, waya mdogo uliosokotwa ambao huitwa koili, utambi wa pamba, na kimiminika chenye gliserini, propileni glaikoli, manukato, na mara nyingi nikotini. Betri hupeleka umeme katika koili, koili hupata joto, kimiminika kilicho katika utambi hugeuka mvuke, na mtu huuvuta mvuke huo hadi mapafuni. Kazi yote hutegemea joto la koili, na joto hilo hutegemea wati.

Wati hupatikanaje? Mtu wa Rusizi hana haja ya kwenda chuo kikuu ili alielewe jambo hili. Maji yatokayo Ziwa Kivu huteremka kwa mto Rusizi na kuzungusha mitambo ya Rusizi ya Kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya Rusizi ya Pili, iliyoanza kazi mwaka 1989, ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Nguvu ya mtambo hutokana na mambo mawili: urefu wa mteremko na wingi wa maji yanayopita. Katika sigara ya umeme, mteremko ni volti za betri, na wingi wa maji ni mkondo, unaopimwa kwa ampea. Wembamba wa bomba ni ukinzani wa koili, unaopimwa kwa omu. Ukinzani ukipungua, ni sawa na kupanua bomba: mkondo huongezeka, na nguvu huongezeka pamoja nao.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu. Jibu ni wati. Betri moja ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2. Ikiunganishwa na koili ya omu 1, nguvu ni wati 17.6. Ikiunganishwa na koili ya omu 0.5, nguvu hupanda hadi wati 35. Ikiunganishwa na koili ya omu 0.2, hufika wati 88, na mkondo unaotoka katika betri ni ampea 21. Tukumbuke kwamba taa moja ya kisasa inayotosha kuangaza chumba hutumia wati 9 hivi. Tena betri nyingi za aina hiyo hazikutengenezwa kutoa ampea 21 mfululizo. Anayeilazimisha betri hiyo huipasha joto, na betri ya lithiamu ikipita kiasi haitoi onyo la pili: huwaka au hupasuka.

Vyombo vilivyo bora vina kidhibiti ndani yake, ambacho hushika wati zile zile tangu betri imejaa mpaka inapokaribia kwisha. Vilivyo duni havina. Katika hivyo, nguvu hushuka kadiri betri inavyochoka: koili ile ile ya omu 1, iliyotoa wati 17.6 asubuhi, hutoa wati 12 tu betri ikiwa na volti 3.5. Mvutaji asiyejua hudhani chombo kimeharibika, akabadili koili kwa yenye omu ndogo zaidi. Kesho yake betri ikiwa imejaa hukutana na joto asilolitarajia.

Sasa, yule ambaye tayari anatumia chombo hiki afanyeje? Afanye kama afanyavyo uwanjani kwa bunduki. Kwanza, asome koili yake. Watengenezaji wengi huandika ubavuni mwake ukinzani na mipaka ya wati, kwa mfano wati 12 hadi 16. Mipaka hiyo ni amri, si ushauri. Pili, koili ikiwa mpya, atie kimiminika na kusubiri dakika 10 ili pamba ilowe barabara, kwa maana pamba kavu huungua mara moja. Tatu, aanze na kiwango cha chini kabisa kilichoandikwa. Nne, akiona haja ya kupandisha, apandishe wati 1 tu, avute mara chache, apumzike, apime. Tano, akionja ladha ya kuungua, aache papo hapo na kushusha. Ladha hiyo ni kengele ya hatari: utambi umekauka, na kimiminika hakigeuki mvuke tena, kinaoza kwa joto.

Onyo hilo lina ushahidi. Mwaka 2015 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima mvuke wa chombo kimoja kwa viwango viwili vya umeme. Kwa volti 3.3 hawakuona dalili za formaldehaidi, sumu ambayo huhusishwa na saratani. Kwa volti 5.0 waliziona. Wataalamu wengine waliwapinga, wakasema kwamba kwa kiwango hicho utambi huwa umeungua na hakuna binadamu atakayevumilia ladha yake. Mabishano hayo yana faida kwetu, kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: kimiminika kile kile, katika chombo kile kile, hubadilika tabia kwa kugeuza kidude kimoja cha umeme.

Narudi sasa kwenye neno dozi. Wako wanaojisifu kwamba wamepunguza nikotini, kwa kuwa walikuwa wakitumia kimiminika chenye miligramu 20 kwa kila mililita, na sasa wanatumia chenye miligramu 6. Lakini wakati huo huo wamepandisha wati, na chombo chenye wati nyingi hunywa kimiminika kama lori linavyokunywa mafuta katika mlima. Aliyekuwa akimaliza mililita 2 kwa siku za kile kikali alipitisha miligramu 40 katika chombo chake. Akimaliza sasa mililita 6 za hiki chepesi, anapitisha miligramu 36. Amebadilisha nini? Ameongeza mvuke mapafuni, ameongeza gharama, na utumwa wake umebaki pale pale. Hatari zaidi ni ya yule anayetia kimiminika kikali katika chombo cha wati nyingi: huyo hupatwa na kizunguzungu, kichefuchefu na moyo kwenda mbio, na huenda hali hiyo ikamkuta kwenye lindo, silaha ikiwa begani.

Aidha, hakuna wati zinazoweza kusafisha kimiminika kichafu. Nchini Marekani ugonjwa wa mapafu uliozuka mwaka 2019 ulikuwa umewapeleka hospitali au kuwaua watu 2,807 kufikia tarehe 18 Februari 2020, na kati yao 68 walifariki. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye mafuta ya vitamini E asetati yaliyotiwa katika vimiminika vya bangi, vilivyouzwa kwa njia za panya. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, iliyonunuliwa kwa mtu asiye na duka, ni kama risasi iliyookotwa porini. Mwenye akili haitii katika bunduki yake.

Kwa askari na polisi kuna mambo mengine yasiyomhusu raia. Wingu la wati nyingi huonekana kwa mwanga mdogo wa mbalamwezi, taa ya chombo humulika uso, na harufu ya matunda hutembea na upepo. Wakubwa wetu wa zamani walikataza kiberiti kwenye doria ya usiku. Vepu isidhaniwe kuwa imepata msamaha kwa sababu haina moto. Penye ghala la silaha na penye mafuta, betri ya namna hii haina mahali. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilisimamisha matumizi ya vyombo hivi katika meli na ndege zake kuanzia Mei 2017, baada ya betri kuripuka na kuwajeruhi watu. Nao wenzetu wanaopanda ndege kwenda kazi za kulinda amani wakumbuke kwamba tangu Juni 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza kuweka sigara za umeme katika mizigo ya chini ya ndege na kuzichaji safarini.

Sheria nazo zinatofautiana kwa kila mpaka. Rwanda ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2013, na Desemba 2017 ikapiga marufuku shisha. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilikataza kuingiza na kuuza sigara za umeme zenyewe. Askari anayekwenda mafunzoni nchi jirani asiseme hakujua. Kutojua hakukuwa udhuru hata siku moja mbele ya afande, seuze mbele ya hakimu.

Wapo watakaosema kwamba kueleza wati na omu ni kuwafundisha vijana kuvuta. Sikubaliani nao. Kijana hujifunza kuvuta kwa rafiki yake, wala hangoji gazeti. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia gharama ya kile anachokishika. Wapo pia watakaosema kwamba sigara ya umeme imewaokoa watu na sigara ya moto, na hao hawasemi uongo: uchunguzi uliokusanya majaribio mengi umeonyesha kwamba huwasaidia baadhi ya wavutaji kuacha sigara. Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga. Lakini dawa ina kipimo na ina mwisho. Aliyeishika ili aache sigara apange siku ya kuiacha nayo, na kila wiki ashushe kimoja, ama wati ama nikotini, pasipo kupandisha kingine. Na ambaye hakuwahi kuvuta hana ugonjwa wa kutibu. Kwake wati zilizo sahihi ni sifuri.

Naomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi wafanye jambo dogo. Katika vipindi vya usalama wa silaha na vyombo, watenge dakika 20 kwa ajili ya betri za lithiamu na sigara za umeme: mganga wa kikosi aeleze nikotini, fundi wa mawasiliano aeleze volti na omu, na mkuu wa lindo aseme bayana ni wapi chombo hicho hakiingii kabisa. Vijana wetu ni wepisi wa kuelewa wakielezwa, na wanajua maana ya kipimo. Pumzi wanayoitumia kupanda vilima vya Nyakarenzo na mzigo mgongoni ndiyo ile ile wanayoipitisha katika waya ule mdogo, na ghalani hakuna pafu la akiba.