Indiketa Ikianza Kukimbia, Usiizibe Mdomo

Haya jamani, leo naweka kompyuta kando kidogo tuongee mambo ya gari. Msiogope, mwisho wake mtaona ni yale yale ya programu.

Umenunua taa za LED za indiketa pale Grogan. Unatoa balbu za zamani, unapachika mpya, unawasha indiketa ya kushoto... na gari linaanza tiki-tiki-tiki-tiki kama limepandwa na shetani. Fundi wa stima naye ana jibu tayari: "Boss, hiyo ni flasha. Tutoe hiyo relei tuweke ya LED, ama nikufungie rizista." Baada ya nusu saa mdundo umerudi wa kawaida, unalipa, unaenda zako ukijiangalia kwenye vioo vya maduka.

Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa Corolla yangu kuukuu. Na leo nasema tulikosea, mimi na fundi wangu, ingawa kila waya ulikuwa mahali pake.

Kwanza, kwa nini inakimbia? Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Kwa volti 12 hiyo ni ampia 1.75, na kila upande una mbili kubwa, ya mbele na ya nyuma, kwa hivyo tunaongea ampia 3.5. LED inakula sehemu ndogo tu ya hizo. Sasa relei ya kielektroniki, ile inayowasha na kuzima taa, hupitisha mkondo wote kwenye kipande chenye ukinzani mdogo sana na kupima volti zinazopotea hapo. Mkondo ukishuka, inaamua kwamba balbu moja imeungua, na inapiga mbio ili dereva asikie. (Zile za zamani kabisa, zenye kibati kinachopinda kikipata joto, hufanya kinyume: mkondo ukipungua zinazubaa, au zinakataa kabisa kupepesa.)

Kwa hivyo zile mbio si ugonjwa. Ni ujumbe wa hitilafu, tena umewekwa makusudi. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari inautaka: indiketa yoyote ikiharibika, taa ndogo ya kwenye dashibodi izimike, au ibaki imewaka bila kupepesa, au ibadilishe mwendo waziwazi. Mwendo wa kawaida wenyewe ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Relei inayouzwa kama "ya LED" imetatuaje shida hii? Haipimi chochote. Inahesabu muda tu, washa, zima, washa, zima, hata kama huko nje hakuna taa hata moja.

Wenzangu waandishi wa programu mshaanza kutabasamu. Sote tumewahi kuandika kipande cha kunasa hitilafu halafu ndani yake tukaacha patupu. Programu haianguki tena, mkubwa wa ofisi anafurahi, na rekodi za wateja zinapotea kimya kimya miezi mitatu kabla mtu hajashtuka. Nimewahi kulala ofisini siku mbili kwa sababu ya mistari minne ya aina hiyo. Niliiandika mimi.

Sasa niwaambie kilichonipata. Jioni moja mwaka jana nilikuwa barabara ya Mwiki, nakata kulia kuingia plotini kwetu. Niliwasha indiketa mapema, nikaisikia ikidunda vizuri kabisa. Nikaanza kukata. Boda boda ikatokea nyuma yangu upande wa kulia, ikinipita, na msichana wa shule amekaa nyuma ya dereva na begi lake. Yule kijana alikanyaga breki, pikipiki ikateleza kwenye mchanga, akaikamata kwa mguu. Walisimama mkono mmoja kutoka mlango wangu.

Nikashusha kioo nikiwa nimewaka: "Kwani huoni indiketa?"

"Indiketa gani, mkubwa? Shuka ujionee."

Nikashuka nimejaa hoja. Mbele ilikuwa ikipepesa. Nyuma, giza. Yule msichana hakulia wala hakusema neno, alikuwa ameshika jaketi la dereva kwa mikono miwili. Ile LED ingeweza kuwa imekufa asubuhi ile au mwezi mzima uliopita. Dashibodi yangu ilikuwa inaniambia kila siku kwamba mambo ni sawa. Nilimwomba kijana msamaha. Alinisikiliza, akatingisha kichwa, akaondoka pole pole.

Kuna watakaoniambia ningefunga rizista nikaiacha relei ya zamani. Hapana, hiyo ni mbaya zaidi. Rizista inayofungwa sana ni ya omu 6, sambamba na LED. Inavuta ampia 2 zake iwe LED ni hai au imekufa, kwa hivyo relei yako, ambayo bado inapima kwa uaminifu, inadanganywa. Na joto je? Volti 12 kwa omu 6 ni wati 24, na injini ikiwa inanguruma, chaji ikifika volti 13.8, zinapita 30 kila inapowaka. Ukikwama njia ya Mombasa na hazadi zinapepesa saa nzima, halafu fundi aliibandika kwa seloteipu juu ya plastiki, utanusa mwenyewe. Kati ya anayenyamaza na anayedanganya, heri anayenyamaza.

Basi kama bado unazitaka, weka relei, lakini fanya kazi vizuri. Angalia herufi kwenye miguu yake, si umbo lake: B ni moto kutoka betri, L inaenda kwenye taa, E ni athi. Mpangilio haufanani kwa kila gari, na nimeona mtu akiipachika kwa sababu tu imeingia. Kama ya zamani ilikuwa na miguu miwili, itabidi uvute waya wa athi hadi kwenye bodi. LED isipowaka kabisa, igeuze kwanza kabla ya kumlaumu muuzaji, ina chanya na hasi. Nunua ambayo yenyewe ni ya rangi ya chungwa. Nyeupe nyuma ya kioo cha chungwa inafifia, maana sehemu kubwa ya mwanga wake ni buluu na kioo kinaitupa. Wenye pikipiki yenye taa moja tu ya indiketa kwenye dashi, msishangae zote nne zikipepesa pamoja: umeme unapitia hiyo taa hadi upande wa pili, na dawa ni dayodi mbili.

Halafu kila asubuhi washa hazadi ulizunguke gari. Kazi ya kupima umeinyang'anya relei, kwa hivyo ni yako. Si ya fundi.

Sisemi LED ni mbovu. Kuna magari yanayotoka kiwandani na indiketa za LED, na kompyuta ya gari inaangalia kila taa na kutoa onyo. Teknolojia ipo. Ninachokataa ni kuuziwa relei iliyofumbwa macho halafu kuitwa "inayopatana". Na ile hadithi ya kuokoa umeme tuiache, indiketa inawaka dakika ngapi kwa siku? Tuseme ukweli, wengi wetu tulizitaka kwa sababu zinapendeza.

Mimi Jumamosi iliyofuata nilirudisha balbu zote nne na relei yangu ya zamani, ambayo kwa bahati sikuitupa. Nilipomaliza nikachomoa ya nyuma kulia makusudi, nikawasha. Tiki-tiki-tiki-tiki. Nikairudisha, nikafunga buti.